Spoti za Rasto kwenye barabara ya Lokichar

Nyinyi mlioniuliza kanisani nikawakwepa, na nyinyi wa mtaa wa Pioneer mliokuja nyumbani mkaambiwa nimelala, leo nawaandikia mara moja ili nisirudie tena. Nimesikia yanayosemwa, eti gari lilikuwa bovu, eti Baba Shiro ni mwoga. Gari halikuwa bovu. Someni mpaka mwisho, kisha kila mtu abebe mzigo wake. Majina nitayataja, kwa sababu wenyewe wanatembea Eldoret hapa wakisalimia watu kama hakuna kitu kilifanyika.

Kwa Rasto

Binti yangu Wanjiru, huyo mnayemwita Shiro, anafundisha Lokichar huko Turkana, na ameolewa na mwalimu mwenzake anaitwa Ekiru. Mimba ilikuwa ya kwanza. Jumatatu mchana Ekiru alinipigia simu. Shiro amevimba miguu na uso, presha imepanda, na mtu wa kliniki amesema asingoje uchungu, apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, tena upesi. Gari la wagonjwa lilikuwa limeenda mbali na mgonjwa mwingine, na la kukodi halikupatikana. Basi halingefaa, mwanamke wa hali hiyo anatakiwa alale.

"Baba, unaweza kuja?"

"Kesho alfajiri niko njiani."

Nilisema alfajiri. Mkumbuke hilo.

Mimi nina ile pikapu yangu ya dizeli, ya kuvuta magurudumu yote manne, yenye viti vya nyuma. Hiyo imenitoa kijiji cha Yamumbi wakati wa matope na wakati wa fujo za uchaguzi, mbaya kuliko matope. Sikuwa na shaka nayo. Lakini jioni akaja shemeji yangu Gichuki, kaka ya Mama Shiro, yule mwenye duka la hadiwea Pioneer. Gichuki hajawahi kufika Lodwar, lakini hakuna barabara ya Kenya asiyoijua akiwa amekaa kwenye kiti.

"Baba Shiro, unaenda Turkana na hizo mishumaa?"

"Mishumaa gani?"

"Hizo taa zako. Huko ngamia hulala katikati ya lami kwa sababu inamtia joto. Ukimgonga ngamia, yeye anasimama, wewe ndio unabaki hapo. Fungisha spoti, zile taa kubwa za mbele. Niko nazo dukani. Fundi Rasto atakufungia asubuhi dakika chache tu, halafu twende pamoja."

Spoti zenyewe zilikuwa nne, kubwa kama sahani za pilau, na zilikuwa zimekaa dukani kwake mpaka boksi likatafunwa na panya. Mama Shiro akasema afadhali, mtoto asije akakaa njiani gizani. Nikakubali, kwa sababu ya mtoto.

Rasto ana gereji ya wazi kando ya barabara, mabati matatu juu na oili chini. Tulifika mapema. Yeye alifika jua likiwa limeshachoma. Akanywa chai. Akaangalia gari akilizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaanza kutoboa ile bomba ya mbele ya kufungia taa, na stima ikapotea. Tukangoja stima. Mnajua gereji zetu zilivyo, hakuna mtu anapita bila kutoa maoni. Mmoja akasema ziwekwe juu ya paa, mwingine akasema mbili zitoshe, muuza mayai akasema ziangalie kando kidogo. Kila maoni Rasto alisimamisha kazi akajibu. Mimi nilikuwa natembea kutoka gari hadi barabarani, na kutoka barabarani hadi gari.

Stima iliporudi nikamuuliza, "Na rilei iko wapi?" Mimi si fundi, lakini hata mimi najua kuna kile kidude kidogo cha kubeba umeme mwingi ili swichi isiungue.

Rasto akacheka. "Mzee, rilei ndio huletea watu shida. Vitu vikiwa vingi kwa gari, vya kuharibika ndio vingi. Mimi napiga direct, waya moja kwa moja."

"Na fyuzi?"

Akatoa karatasi ya kung'aa kutoka kwa pakiti ya sigara, akaizungushia fyuzi ya zamani iliyokatika. "Hii sasa haikatiki hata radi ipige."

Gichuki akanipiga bega. "Si nilikuambia? Huyu ni wa ukweli."

Mwishowe akaweka swichi kwenye dashibodi, swichi nzuri yenye kajicho kekundu. Nikawasha injini, na wakati huo huo yeye akabonyeza. Spoti zote nne zikawaka mpaka ukuta wa ng'ambo ukawa mweupe. Watu wakapiga makofi, muuza mayai naye akapiga makofi. Rasto akazungusha ufunguo, injini ikazima na taa zikazima, akapangusa mikono. Hakuna aliyejaribu kuzima spoti kwa swichi. Walitaka kuona zikiwaka tu.

Jua lilikuwa limeenda. Siku hiyo hatukutoka Eldoret.

Eldoret hadi Kitale

Jumatano tuliondoka kabla kuku hawajashuka. Palipopambazuka nikashusha swichi ya Rasto, iliyokuwa juu tangu gereji, kajicho kekundu kakazima, nikaridhika.

Hatujafika Moi's Bridge, lori la mahindi likanipigia taa, mara mbili. Nyinyi mnaoendesha mnajua lugha hiyo. Dereva anayekuja mbele yako akikupigia taa mchana, anakuambia polisi wako mbele, jipange. Nikafunga mshipi. Nikamwambia Gichuki afunge wake. Nikapunguza mwendo mpaka baiskeli zikatupita.

Hakukuwa na polisi.

Matatu ikanipigia taa. Nikapunguza tena. Halafu tangi la maziwa. Halafu gari dogo la mwanamke, na huyo alipiga na honi juu yake.

"Leo wamejaa," akasema Gichuki. "Wanajificha kwa mahindi."

Mpaka Kitale kila gari lilitupigia taa, na hatukuona kofia ya polisi hata moja. Pale Kitale tulinunua mkate na maziwa ya pakiti tukala ndani ya gari, kwa sababu sikutaka kusimama. Ekiru akapiga simu. Shiro amelala vibaya, kichwa kinamuuma, lakini mtoto anacheza. Nikamwambia jioni hii utatuona.

Makutano hadi Chepareria

Kutoka Makutano barabara inateremka mlima wa Kamatira, kona juu ya kona, na kule chini kunaanza joto na miiba. Hiyo barabara ina jina lake. Mambo ya majambazi yaliyowahi kutokea huko mbele mnayasikia kwa redio kama mimi.

Sasa malori ya kutoka Lodwar yalikuwa yanapanda, na kila moja lilinipigia taa. Si mara mbili tena, mara nyingi. Dereva mmoja wa lori la samaki akatoa mkono wote dirishani, kiganja kikiangalia chini, akawa anakibonyeza hewani. Chini, chini, chini.

"Anasema nini huyo?" nikauliza.

Gichuki alikuwa amebadilika rangi. "Anasema tulale chini. Baba Shiro, hawa hawasemi polisi. Mbele kuna watu wa bunduki."

Nawaambieni ukweli, moyo wangu uliteremka kabla ya gari. Nilimfikiria Shiro, halafu nikafikiria nikiuawa, nani atamfikia? Tulipofika Chepareria nikaegesha chini ya kivuli, nikazima injini.

Kulikuwa na hoteli ndogo ya mama mmoja wa Kipokot, anaitwa Mama Selina, mwanamke mpana mwenye kicheko. Tukaingia tukakaa karibu na mlango. Tukaagiza chai. Chai ikaisha, tukaagiza tena.

"Mnangoja nani?" akauliza.

"Tunangoja barabara itulie, Mama."

"Barabara? Hiyo haijawahi kusimama wala kukimbia. Mnaenda wapi?"

"Lokichar."

"Basi endeni. Watu wanaenda."

Gichuki akanikanyaga mguu. Mama Selina aliona. "Ama ni sisi mnaogopa? Wakikuyu wa Eldoret mkifika hapa mnakunywa chai mkiangalia mlango." Akacheka, na wateja wake wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikatoka nikamuuliza dereva aliyekuwa ametoka upande wa Lodwar, huko kuko aje?

"Kuko sawa, Mzee."

Gichuki akaninong'oneza, "Utajuaje huyo si mmoja wao?"

Ekiru akapiga simu mchana. Gichuki akaichukua mkononi mwangu. "Barabara ni mbaya, mwalimu. Tumeambiwa." Nikasikia sauti ya Ekiru ikisema, "Mbona mimi niko huku na sijasikia kitu?" Gichuki akamwambia wewe mtulize mama, sisi tunajua tunachofanya. Halafu akaagiza mbuzi, kilo ya kuchoma na ugali, akasema mwoga hula vizuri. Nyama ilikuja na chumvi na pilipili juu ya ubao. Ilikuwa nyama laini. Nilikula nikitazama barabara, na magari yalikuwa yanapita tu, yakienda na kurudi.

Jua lilipoanza kulala nikaamua nilisogeze gari hadi uani kwa Mama Selina, liwe salama. Nikawasha injini. Yeye alikuwa anapita mbele na beseni la vyombo. Akatupa beseni chini, akafunika uso kwa mikono miwili.

"Mzee! Zima taa, unanipofusha!"

"Taa gani? Zimezimwa!"

"Shuka uone!"

Nikashuka, injini ikinguruma. Swichi ilikuwa chini, kajicho kekundu kamezima. Na spoti za Rasto zilikuwa zinawaka zote nne.

Nikazima injini, zikazima. Nikawasha, zikawaka. Nikabonyeza swichi juu na chini mpaka kidole kikauma. Haikuwa inashika kitu isipokuwa kale kajicho kake. Rasto alizipeleka moja kwa moja kwenye waya wa ufunguo. Injini ikiwa hai, zinawaka. Na kila tuliposimama na kushuka tulikuwa tumezima injini, kwa hiyo hatukuziona, na ndani ya gari, kwa jua lile, huwezi kuona. Tangu Eldoret tulikuwa tunawachoma watu macho. Wale madereva walikuwa wananiambia kitu kimoja tu, teremsha taa.

Mama Selina alikaa chini akacheka mpaka akafuta machozi na leso. "Kumbe majambazi ni nyinyi!"

Nilitaka kuondoka pale pale. Nikampigia Ekiru. Akasema, "Hapana, Baba, sasa ni jioni, kipande cha Kainuk usikipite saa hizi. Lala, njoo asubuhi. Shiro nitamwambia." Hakunilaumu. Ndiye mtu wa pekee katika habari hii ambaye hakunilaumu, na ndiye mwenye haki ya kunilaumu.

Chepareria hadi Lokichar

Asubuhi nilitaka kuzing'oa waya. Gichuki akashika mkono wangu. "Usiguse kazi ya Rasto. Ukikata isiyo yenyewe, gari linazima na tunabaki jangwani." Tukafunika spoti kwa gunia za Mama Selina na kamba. Tulipita Ortum na Marich vizuri, hakuna aliyetupigia taa. Karibu na Kainuk tukasikia harufu. Gunia zilikuwa zinatoa moshi. Tukazivua tukazitupa tukizikanyaga, na kutoka hapo kila gari likatupigia taa tena, na mimi nikawa nainua mkono kuomba msamaha, gari baada ya gari, mpaka bega likachoka.

Watu wa bunduki hatukuwaona. Tuliona mbuzi, na watoto wanaoinua chupa tupu kuomba maji. Tuliwapa.

Lokichar tulifika jua likiwa juu. Shiro alikuwa amekaa mlangoni na mkoba wake miguuni. Sikumtambua mara moja. Macho yalikuwa yamebaki mistari. Lakini aliona gari langu, akacheka.

"Baba, umekuja na harusi?"

"Ni mjomba wako."

"Uncle Gichuki, ni wewe ulimvalisha gari miwani?"

Gichuki akafungua mlango wa nyuma. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Ekiru. Nikamuuliza mtoto yuko aje. Akaniwekea mkono wangu tumboni. Akanisukuma, yule mtoto. Mkono huu huu.

Kupanda Kamatira

Tulirudi mbio kadiri barabara ilivyoruhusu. Ortum tulipita Shiro akiwa anazungumza, anamfundisha mumewe jinsi ya kunishikia chupa ya maji ninywe nikiendesha. Baada ya Chepareria akanyamaza. Halafu akasema, "Baba, naona nyota. Punguza hizo taa."

"Hizo haziko ndani, mama. Ziko nje."

"Naziona ndani."

Ekiru akanitazama kwenye kioo. Nikakanyaga mafuta.

Tulianza kupanda Kamatira jua linazama, na mvua ikaja, na ukungu ukashuka. Hapa sasa ndipo spoti zingekuwa na kazi. Nilisema moyoni, angalau sasa. Tulipoingia kona za juu, harufu ya plastiki ikaja kutoka dashibodi. Halafu moshi. Gichuki akaanza kupiga dashibodi kwa kofia. Fyuzi ya kweli ingekatika, taa za Rasto zingekufa zenyewe. Lakini karatasi ya sigara haikatiki, alisema mwenyewe. Waya zikaungua zote pamoja. Spoti zikazima, na taa zangu za gari zikazima, na za nyuma. Injini ya dizeli ikaendelea kunguruma kwenye ukungu, na mimi sioni hata boneti.

Nikasimama. Upande wa kushoto ni bonde. Nyuma Shiro alikuwa anatapika. "Baba, usisimame," akasema Ekiru. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Gichuki akatoa simu yake akamulika nje ya dirisha. Ilimulika mvua tu.

Lori likaja nyuma yetu, likapiga honi, likasimama. Dereva akashuka na koti juu ya kichwa. Nilijua harufu ya lori lile kabla hajafika, samaki mkavu. Akatazama ile bomba ya mbele na sahani zake nne.

"Ni wewe! Jana nilikupigia taa mpaka nikachoka! Nikakuonyesha na mkono, teremsha, teremsha! Leo tena wewe ndio umezima kabisa?"

"Nina mgonjwa, ndugu yangu. Binti yangu. Mimba."

Akaangalia nyuma kwa tochi yake. Akaacha kupayuka. "Nitapita mbele. Wewe shika taa zangu nyekundu. Zikiwa kubwa, kanyaga breki. Zikiwa ndogo, njoo. Usiangalie kitu kingine."

Hivyo ndivyo tulivyopanda Kamatira. Taa mbili nyekundu, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Tulikuwa tunaenda kama watu wanaosindikiza jeneza. Nilisikia Ekiru akiomba kwa Kiturkana, na Shiro akisema hayuko, Ekiru, hayuko, hachezi tena. Sikugeuka. Ningegeuka tungekufa wote.

Yule dereva alitufikisha mpaka lango la hospitali. Jina lake sikuuliza. Harufu ya gari lake nitaikumbuka siku zote.

Wodini

Wale watu wa hospitali walikimbia, sina neno juu yao. Walimwingiza chumba cha upasuaji na viatu vyake. Shiro alipona. Mtoto alikuwa mvulana. Hakulia.

Daktari aliniambia kwa upole kwamba mtoto alikuwa ameondoka muda si mrefu kabla hatujafika. Akaniuliza kama Shiro alikuwa ameambiwa aje mapema. Nikasema ndiyo. Akaandika.

Sasa mmesikia. Rasto alipiga direct na akanicheka nilipouliza. Gichuki alinifungisha spoti alizoshindwa kuuza, akanisomea taa za watu vibaya, akanizuia kukata waya. Rasto ameniletea salamu kwamba waya za siku hizi si nzuri. Gichuki anawaambia wateja kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakufunga hizo taa. Ndiyo maana dukani kwake sipiti, na Mama Shiro asiniombe tena nipite.

Lakini kuna kitu sijamwambia mtu, na kwa vile mmefika hapa nitakimaliza.

Asubuhi ya pili, Ekiru alipokwenda kutafuta chai, Shiro alifungua macho. Uvimbe ulikuwa umeshuka kidogo, alikuwa amerudi kuwa yeye. Nilishika mkono wake.

"Baba, ile Jumatano mlikaa wapi?"

"Chepareria."

"Siku yote?"

Nikamweleza. Madereva, yule wa mkono, Mama Selina, taa. Nilidhani atacheka pale kwa beseni, kwa sababu yeye hupenda mambo kama hayo. Hakucheka.

"Mlikula?"

"Tulikula."

"Nini?"

"Mbuzi. Na ugali."

Akageuza uso akatazama ukuta.

"Mimi niliwapikia kuku," akasema. "Ekiru aliniambia nikule, nikakataa. Nilisema nitakula na nyinyi mkifika."